Fulgensi Yupi?

Nchi yenyewe haitajwi hapa, maana ina masikio marefu na mikono mirefu zaidi. Itoshe kusema iko milimani, ina ukungu, ina bendera, na karibu kila mwanamume wake anaitwa Fulgensi.

Si kosa lao. Padre wa kwanza aliyeipanda milima ile alikuja na kitabu kikubwa cha majina ya watakatifu, Kilatini kitupu, na njiani mchwa wakakila kitabu wakabakiza ukurasa mmoja. Ukurasa huo ulikuwa wa Mtakatifu Fulgensi. Padre alikuwa mtu wa kanuni: jina ambalo halimo kitabuni hakulitoa. Akabatiza Fulgensi, akabatiza Fulgensi, mpaka mkono ukamuuma. Wasichana walibahatika, kwa sababu majina yao yalichapwa kwenye jalada la nyuma, na mchwa hawakuipenda ile gundi.

Wenyeji hawakulalamika. Walifanya wanavyofanya siku zote mgeni akiwaletea kitu kisichowatosha: walikipokea kwa heshima, kisha wakakirekebisha. Kila Fulgensi alipobaleghe alipelekwa kisimani, na wanawake wanaoteka maji wakampa lakabu kwa jinsi walivyomjua. Lakabu ikishatoka haikataliwi. Ukinuna, unapewa mbaya zaidi.

Kwa lakabu hizo nchi iliwajua watu wake. Palikuwa na Fulgensi Kigulu, aliyekuwa na mguu mmoja mfupi na bado akawakimbiza askari wa kodi mpaka mtoni. Palikuwa na Fulgensi Miavuli, chifu aliyewagawia wageni bonde zima wakamtuza miavuli, nayo ikavuja mvua ya kwanza. Palikuwa na Fulgensi Kiboko, nyapara wa reli, ambaye mpaka leo watoto watukutu hutishwa naye. Na palikuwa na Fulgensi Mgomo, aliyewaamuru vibarua waweke sururu chini, wakamfukuza Kiboko mchana kweupe. Shujaa alijulikana, haini alijulikana, na mjukuu wa kila mmoja alijua atembee vipi njiani.

Tena lakabu ilikuwa na kazi hata baada ya kifo. Kaburi likishachimbwa, mjane huchukua mchi wa kinu, akagonga ardhi, akabisha hodi na kutaja lakabu ya marehemu, ili walio chini wajue wanamfungulia nani. Maana Fulgensi walio chini ni wengi kuliko walio juu. Ukiita Fulgensi tupu watainuka wote, wagongane vichwa mlangoni, wagombane, na marehemu wako abaki nje kwenye baridi.

Bi Generoza aliyajua hayo tangu utotoni. Mume wake alikuwa Fulgensi Chelewa, fundi saa, mtu mpole ambaye saa za mji mzima alizirekebisha na hakuna hata moja iliyomrekebisha yeye. Harusini kwake alifika wageni wakinawa baada ya kula. Alipozaliwa mtoto wao wa kwanza, mtoto alikuwa ameanza kukaa ndipo baba akatokea na nepi. Ukimgombeza alikuwa na neno lake moja, "Nipo njiani, mke wangu," hata kama amesimama mlangoni. Bi Generoza alimpenda, akamchoka, akampenda tena, na mambo hayo matatu aliweza kuyafanya kabla ya chai ya asubuhi.

Sasa Rais wa nchi ile naye alikuwa Fulgensi. Lakabu yake haikutajwa popote. Vijana hawakuijua, na wazee walioijua walipatwa na kikohozi kila walipoikaribia. Jambo la kwanza alilofanya alipoingia madarakani ni kukifukia kile kisima cha kilimani kwao, kwa sababu za usalama wa taifa.

La pili lilikuwa Sheria ya Umoja wa Fulgensi. Aliitangaza redioni Profesa Audaksi, Mwenyekiti wa Tume ya Kuiunganisha Historia, kwa ile sauti yake ya mtu anayesoma huku ameshiba.

"Wananchi watukufu wa Mtukufu," alisema, "utafiti wa kina, wa mapana na wa marefu umethibitisha kwamba wale mnaowaita Fulgensi wengi hawakuwa wengi. Hiyo ni hila ya wakoloni, waliotugawa ili watutawale. Fulgensi ni mmoja! Hakugawanyika, hagawanyiki, na atakayemgawa atagawanywa yeye! Alikuwapo jana, yupo leo Ikulu, na lakabu zote zimepigwa marufuku kuanzia nitakapomaliza kukohoa."

Akakohoa, na ikawa sheria.

Vitabu vya shule vikaandikwa upya. Fulgensi alizaliwa mara nne katika vilima vinne, na kila mara mvua ilinyesha. Fulgensi aliiuza nchi, akasikitika sana, akaikomboa. Fulgensi aliwapiga vibarua viboko ili apate sababu ya kuwatetea. Katika mtihani wa darasa la saba kulikuwa na swali: *Fulgensi alipomfukuza Fulgensi relini, alikimbilia upande gani? Eleza kwa furaha.* Wajukuu wa Mgomo walilia. Wajukuu wa Kiboko, ambao kwa miaka walikuwa wakipita vichochoroni, walinunua kofia mpya wakaanza kupita katikati ya barabara.

Ikasimamishwa na sanamu pale uwanjani: mguu mmoja mfupi, mkono huu kiboko, mkono huu sururu, mwavuli kwapani, na uso ni wa Rais. Mchongaji aliuliza swali moja tu kuhusu ule mwavuli, akapelekwa gerezani akapumzike.

Bi Generoza hakujali siasa. Nyumbani, mlango ukishafungwa, alimwita mumewe Chelewa kama kawaida. Siasa ni kama maji, na iteremke popote itakapo, alisema, na jina la mume ni la mke.

Kisha Jumanne moja ya msimu wa baridi Fulgensi Chelewa akafariki. Alikuwa amekaa na kijisaa cha mtu mkononi. Mkewe akamwambia uji umepoa, naye akasema, "Nipo njiani," akainamisha kichwa, na hakufika.

Bi Generoza alilia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake alfajiri majirani walimsaidia kumwosha marehemu, wakamvika suti ya harusi, ambayo haikuwa imechakaa kwa vile siku ile aliivaa kwa muda mfupi. Yeye akajifunga khanga mbili, akaenda kutafuta kibali cha maziko kwa Bwana Novati, Msajili wa Vifo.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Novati, akiichovya kalamu. "Marehemu anaitwa nani?"

"Fulgensi."

Kalamu ikamtoka mkononi. Aliinuka, akafunga dirisha, akachungulia chini ya meza.

"Mama yangu, unajua ulichosema?"

"Nimesema mume wangu amekufa."

"Umesema Fulgensi amekufa! Na Fulgensi ni mmoja. Huyo mmoja nimemsikia asubuhi hii redioni akihimiza kilimo cha viazi. Mimi nikiandika hapa kwamba Fulgensi amefariki, atakuwa amefariki nani?"

"Si mume wangu, baba? Fulgensi Chele..."

"Ssss! Nina watoto!"

Bi Generoza akajifunga khanga upya. "Basi niache nikamzike kimyakimya."

"Kuzika bila kibali ni kosa. Na kumzika Fulgensi ni uhaini, maana yu hai."

"Mwanangu, nimemwosha leo. Ni wa baridi kama jiwe la mtoni. Unaniambia yu hai?"

Bwana Novati aliangalia picha ya Rais ukutani, akamwangalia mjane, na kwa kweli alimhurumia. "Mimi sijasema neno," alisema. "Lakini kisheria, mama, hajambo."

Bi Generoza alirudi nyumbani akitembea kama mlevi. Uchungu wa kufiwa aliujua, umempata kama unavyowapata watu. Huu mwingine hakuujua. Mume wake hakuwa amekufa, hakuwa hai, na aliko alikuwa bila jina, akibisha mlango ambao hakuna wa kumfungulia. Akaketi kando ya kitanda, akaushika mkono wake. "Usihofu," alimwambia. "Hata nife nikigombana nao, utabishiwa hodi kwa jina lako."

Huku nyuma Bwana Novati hofu ilimla. Amesikia kwamba Fulgensi hali yake ni mbaya, je, asiporipoti? Akapiga simu Ikulu, akachagua maneno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Napenda kuarifu," alisema, "kwamba Fulgensi yuko nyumbani kwa Bi Generoza, na hajisikii vizuri." Akakata.

Ikulu ya nchi ile swali haliulizwi, kwa sababu anayeuliza ndiye anayepewa adhabu ya kujibu. Na siku hiyo hasa ilikuwa Sikukuu ya Fulgensi, uwanja umejaa, na Rais bado alikuwa kwa fundi wake akipunguziwa kiuno cha gwanda. Afisa Itifaki, Bwana Leonsi, alipopata taarifa kwamba Fulgensi yuko kwa Bi Generoza, hakuuliza amefikaje huko. Alituma msafara mzima.

Magari yakajipanga mbele ya nyumba ya fundi saa. Bwana Leonsi akaingia, akampigia maiti saluti.

"Mtukufu, wananchi wanakusubiri."

"Wewe baba," alisema Bi Generoza, "hii ni maiti."

Bwana Leonsi alimtazama aliyelala pale kwa muda. Kijana hakuwa mjinga.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "macho ni yangu, lakini kazi ni ya serikali. Nimeambiwa nimchukue Fulgensi. Huyu ni Fulgensi?"

"Ni Fulgensi, lakini..."

"Imetosha."

Wakambeba. Bi Generoza alilia, akapiga kelele, akamng'ang'ania mguu mpaka kwenye gari. Gari likaondoka, yeye akabaki barabarani na kiatu kimoja cha mumewe mkononi. Alikitazama. Kisha akafunga khanga vizuri, akaanza kutembea kuelekea uwanjani.

Huko uwanjani, Fulgensi Chelewa aliketishwa kwenye kiti cha enzi, akavishwa miwani myeusi, na bendi ikapiga. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa amewahi mahali, tena kabla ya mgeni rasmi.

Mawaziri wakaanza kupita mmoja mmoja kutoa taarifa zao. Kwa kawaida Rais aliwakatiza wakiwa kwenye neno la tatu, akawasifu, wakaenda kunywa soda. Waziri wa Maji akainama.

"Mtukufu, mabomba yamefika vijiji vyote."

Fulgensi alinyamaza.

"Karibu vyote, Mtukufu."

Kimya.

"Kwa kweli, Mtukufu, ni kijiji kimoja. Nacho ni kwetu."

Kimya kile kile, na ile miwani. Waziri akapiga magoti. Akasema yote, pamoja na lile bwawa la kuogelea, huku akijifuta machozi kwa hotuba yake. Waziri wa Barabara aliyekuwa nyuma yake alisikia, akaanza kuungama kabla hajafika. Wananchi walitazamana. Haijapata kutokea! Nzi akatua kwenye pua ya Mtukufu, akatembea, akaondoka mwenyewe, wala Mtukufu hakumfukuza. Mwandishi wa gazeti la serikali akaandika habari ya uvumilivu usio na kifani. Profesa Audaksi akashika kipaza sauti akanguruma, "Tazameni utulivu huo! Hayo ndiyo mambo ya Fulgensi!"

Ni kweli, na wengine husema mpaka leo kwa kunong'ona, kwamba asubuhi ile nchi ilitawaliwa vizuri.

Bi Generoza alipofika langoni, askari wakamzuia.

"Unakwenda wapi na kiatu, mama? Cha nani?"

"Cha Fulgensi."

Askari wakakipigia kiatu saluti, wakampisha. Lango la pili vivyo hivyo. Alipofika chini ya jukwaa alisikia vurugu nyuma yake.

Rais alikuwa amewasili. Alipotoka kwa fundi hakukuta hata gari moja, kwa hiyo alikuja na lori la viazi vya karamu, gwanda lina udongo mabegani. Kapteni wa lango alimwekea mkono kifuani.

"Fulgensi ameshafika."

"Mimi ndiye Fulgensi, mpumbavu wewe!"

"Fulgensi ni mmoja," alisema Kapteni, ambaye sheria aliikariri kwa moyo na kupandishwa cheo kwa ajili yake. "Hakugawanyika na hagawanyiki. Naye yule pale ameketi. Kwa hiyo wewe ni mgawaji."

Akafungwa kamba, akaburutwa mpaka mbele ya kiti. Rais alimwona yule aliyekaa kitini kwake, akamgeukia Profesa Audaksi.

"Profesa! Waambie mimi ni nani!"

Profesa Audaksi alimtazama mtu aliyefungwa kamba. Akamtazama mtu mwenye kiti. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kitaaluma," alisema, "kiti ni ushahidi mzito sana."

Ndipo Bi Generoza akapanda jukwaani. Hakuna aliyemzuia, alikuwa na kiatu.

"Huyu aliyefungwa namjua," alisema. "Tumekunywa kisima kimoja."

Rais akageuka, na sauti iliyomtoka haikuwa ya redioni. Ilikuwa ya kijana wa kilimani. "Dada Generoza! Waambie, dada yangu, waambie!"

"Nitawaambia. Lakini mimi nataka mume wangu."

"Mchukue! Mchukue sasa hivi!"

"Nimchukue nani? Sheria yako inasema yule ni wewe. Sina namna ya kumtoa pale bila jina lake, na sina namna ya kukufungua wewe bila jina lako. Kwetu mtu hutaja lakabu yake kwa kinywa chake. Haya. Wewe ni Fulgensi yupi?"

Uwanja ukatulia. Rais akainua kidevu.

"Fulgensi Mtukufu."

"Hilo kisimani hatukukupa."

"Fulgensi wa Taifa."

Kapteni akaikaza kamba kidogo.

"Ndugu yangu," alisema Bi Generoza, na hakuwa na ukali hata chembe, alikuwa amechoka tu, "mume wangu anapata baridi."

Rais akainamisha kichwa. Akasema polepole, akidhani amesema kifuani mwake, ila kipaza sauti cha Profesa kilikuwa karibu na kikalipeleka neno mpaka kwenye miti ya mbali.

"Paja."

Wazee ndio walioanza. "Paja!" alipiga kelele bibi mmoja huko nyuma kabisa, akisimama juu ya benchi. "Ndiye! Lile paja la mbuzi alilolificha kwenye koti! Msibani! Mbwa walimfuata mpaka mlangoni mwa kanisa!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, kicheko cha miaka mingi, watu wakiegemeana na kufutana machozi. Akina mama wakapiga vigelegele. Na katikati ya kicheko wengine wakaanza kuita, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu: "Kigulu!" "Mgomo, babu yangu!" Wajukuu wa Kiboko wakavua zile kofia mpya, wakatafuta kichochoro.

Bi Generoza peke yake hakucheka. Msiba ule ulikuwa wa bibi yake.

"Ahsante, Paja," alisema. "Kapteni, mfungue, ni mwenzetu. Na yule pale ni Fulgensi Chelewa, fundi saa, mume wangu. Alikufa Jumanne."

Akaenda mpaka kwenye kiti, akapiga magoti, akamvisha mumewe kiatu, akakifunga kamba. Kisha akamvua ile miwani, akamrudishia Bwana Leonsi. Ndipo akalia kwa sauti, mbele ya serikali nzima, na Bwana Leonsi naye akalia, bila kuuliza kama inaruhusiwa.

Sheria haikufutwa. Sheria za nchi ile hazifutwi, husahauliwa, na hiyo ilisahauliwa kabla viazi havijaiva. Profesa Audaksi alitoa utafiti mpya kuonyesha kwamba Fulgensi ni wengi na kwamba yeye amelisema hilo tangu zamani. Waziri wa Maji alieleza kuwa maungamo yake yalikuwa ya hewani tu, kwa kuwa aliyeyapokea hakuwa na mamlaka.

Fulgensi Chelewa alizikwa Ijumaa. Watu walikuja wengi mno. Hata Paja mwenyewe alikuja, akasimama nyuma kabisa, na koti alikuwa ameliacha garini ili waombolezaji wale kwa amani.

Kaburi likawa tayari. Bi Generoza akauchukua mchi wa kinu, ule aliotwangia karanga za mumewe tangu walipooana, akaugonga ardhini.

"Hodi!" aliita. "Hodi, wenyeji! Nimewaletea Fulgensi!"

Akainamisha sikio, kana kwamba huko chini kuna watu wanasukumana mlangoni, wakiuliza ni yupi.

"Fulgensi Chelewa," akajibu, machozi yakimdondokea mikononi. "Mlimtegemea tangu Jumanne, najua. Mfungulieni, na tafadhali msimgombeze. Safari hii si kosa lake."